Nani Alilala Bila Kula

Nianze na mwalimu mkuu, maana nikianza na mimi mwenyewe mtasema najitetea.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu nina kinyongo naye mpaka leo, na sitaki mtu adhani ni kwa ubaya wake. Aliyemtangulia alitoroka na pesa za madawati, watoto wakakaa chini miaka miwili, kwa hiyo huyu alipofika aliapa kwamba katika shule yake hakuna jambo litakalofanyika pembeni. Risiti ya chaki aliibandika ukutani. Gunia la maharage likiletwa, lilifunguliwa uwanjani mbele ya wanafunzi, likapimwa, kiranja akaandika, ndipo likaingia stoo. "Siri ndiyo mama wa wizi," alikuwa akisema. "Tufanye hadharani." Basi watoto wakamwita Hadharani, wazazi nao wakafuata, mpaka siku moja nikamsikia mkewe akimwita hivyo hivyo sokoni.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule ile. Miaka tisa nimesimama mbele ya sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuchuchumaa ndani, katika banda la mabati lisilo na dirisha, na moshi wake umenipa macho mekundu mpaka wasionijua hudhani nakunywa. Watoto waliniita Bi Mwiko. Chakula kilikuwa kimoja tu, saa saba mchana, na kililipwa na serikali: ruzuku ya chakula kwa shule za watoto wa watu wasio na kitu. Mshahara wangu nao ulitoka humo humo.

Mpishi wa shule anajua mambo ambayo mwalimu hayajui. Mtoto aliyekula nyumbani jana usiku hupokea sahani huku anapiga soga na mwenzake. Ambaye hakula haongei. Macho yake yako kwenye mwiko, yanaufuata kila unapokwenda. Jumatatu foleni yangu ilikuwa kimya kuliko siku nyingine zote. Halafu kuna wale wa ukoko, wanaobaki nyuma wenzao wakienda kucheza, wanakuja kuniambia, "Bi Mwiko, mimi napenda ukoko." Nani anapenda ukoko siku tano kwa wiki? Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mimi za mtaa mzima nilikuwa nazo mkononi. Nilijua nyumba kwa nyumba nani anapika, na nani anachemsha maji matupu ili majirani waone moshi.

Na ya kwetu niliijua zaidi. Tulikuwa wanne katika vyumba viwili vya kupanga: mimi, binti yangu anayesuka nywele saluni, mdogo wangu wa kike, na mtoto wake wa miaka kumi na moja. Mume wa mdogo wangu alikwenda kutafuta kazi, akaendelea kwenda. Mdogo wangu anafua nguo za watu. Ni mpole, si kama mimi. Mimi mdomo wangu hauna breki. Yeye ukimkanyaga atakuomba radhi kwamba mguu wake ulikuwa njiani. Sijui mtoto wake aliyaokota wapi maneno. Tulimwita Chiriku, kwa sababu anaamka anaongea, anaoga anaongea, na usiku akilala anamalizia yaliyobaki. Darasani alikuwa wa pili. Wa kwanza alimshinda kwa hesabu tu, jambo ambalo Chiriku alilieleza upya kila siku kwa yeyote aliyekubali kukaa.

Sasa kuna mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tajiri wa kweli, ambaye mdogo wangu alikuwa akimfulia kila Jumamosi. Yule mama alimtaka Chiriku. "Nipe huyu mwanao akae kwangu, anisaidie kazi za ndani," alimwambia. "Atakula, atavaa." Mdogo wangu akauliza shule je. Yule mama akacheka, akasema shule itamngoja. Basi mdogo wangu akamjibu, kwa upole wake ule ule, kwamba shuleni mtoto anakula na anasoma, kwa hiyo kwa sasa haiwezekani, lakini siku chakula cha shule kikikatika watazungumza tena. Alinisimulia haya jioni tunachambua mboga. Nikamwambia hakitakatika, mimi nipo. Nilisema hivyo hivyo, mimi nipo, kana kwamba serikali ni mimi.

Mwaka ule utaratibu ukabadilishwa. Zamani ruzuku ilikuja kwa shule zote za upande wetu. Sasa wakasema pesa ni chache, zitakwenda kwa shule zenye uhitaji peke yake, na uhitaji utathibitishwa na wazazi wenyewe. Kijana wa ofisi ya elimu alileta fomu katika bahasha kubwa. Maswali manne, kila mzazi ajaze yake, aikunje, aitumbukize kwenye sanduku. Akaeleza kwamba swali la nne ndilo lenye uzito: zaidi ya nusu ya wazazi wakilijibu ndiyo, shule imepita. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea chai. Kijana alipoondoka nikamwona Hadharani anaitazama ile bahasha kama mtu aliyeachiwa mzigo wa wizi.

"Kila mtu ajaze peke yake, mafichoni," akasema. "Halafu kesho waseme nimejaza mimi."

"Mwalimu, si ndivyo walivyoagiza?"

"Bi Mwiko, watu wanaongopa kwenye karatasi. Mbele ya wenzao hawathubutu. Nitaitisha mkutano, nitasoma swali, watainua mikono, kila mtu ataona, tutaandika, kila mmoja ataweka sahihi. Nani atasema nimeiba hapo?"

Nilinyamaza. Mimi, nisiye na breki, nilikusanya vikombe vyangu nikatoka. Nilijiambia hayo ni ya wenye elimu, na isitoshe nilikuwa na sufuria motoni.

Lazima niwaambie pia habari ya mkwe. Binti yangu alikuwa ameposwa. Kijana mwenyewe ni mchomeleaji wa milango na madirisha, mtulivu, mikono yake imejaa makovu ya cheche, na sikuwa na neno naye. Tabu yangu ilikuwa mama yake, ambaye sasa tuliitana mkwe. Yule mama ni fundi cherehani, na kila nilipokutana naye alikuwa amevaa gauni jipya, limekatwa likamkaa. Nikasema moyoni, binti yangu anakwenda kwa watu. Siku walipokuja nyumbani, wiki moja kabla ya mkutano, niliazima viti kwa jirani, nikaazima na vikombe, tukachinja kuku ambaye hatukuwa na sababu ya kuwa naye. Mkwe akasema, "Mmejisumbua bure." Nami nikajibu, "Wala, ndivyo tunavyokula." Baada ya hapo tulikaa siku nne kwa chai ya rangi, na usiku wa nne hata sukari hapakuwa.

Mkutano ulikuwa Ijumaa asubuhi. Benchi zilitolewa madarasani zikapangwa uwanjani. Wazazi walikuja wamependeza, maana ukiitwa shuleni kwa mwanao huendi na nguo ya jikoni, na wanaume waliochelewa wakasimama nyuma, wameegemea ukuta. Mimi sikuwa na mtoto pale. Nilikaa na mdogo wangu kumsindikiza, benchi la mbele. Upande wangu wa kushoto akaja kukaa nani kama si mkwe, gauni la bluu limenyooshwa, mkoba juu ya magoti. Mjukuu wake alikuwa darasa la tatu. Tukasalimiana kwa heshima zote.

Hadharani akaanza. Nani hana bomba la maji nyumbani? Mikono ikapanda yote, watu wakacheka, maana mtaa mzima tunachota mahali pamoja. Nani amepanga? Ikapanda. Nani hana kazi ya mshahara? Hapo ilipanda kwa kusitasita, lakini ikapanda, kwa sababu kukosa ajira kila mtu anajua lawama ni ya nani. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa anahesabu na kuandika. Nikaanza kufurahi.

Kisha akasoma swali la nne, kwa sauti ile anayotangazia mitihani. "Ni mzazi gani ambaye nyumbani kwake, katika wiki mbili zilizopita, kuna siku watu walilala bila kula?"

Hakuna mkono uliopanda. Mtu akakohoa. Nikageuza shingo kidogo nikawatazama, na wote niliwajua. Baba wa wale watoto watatu wa ukoko alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu. Mama wa pacha alikuwa ameinama anapekua mkoba. Bwana mmoja, ambaye mwanae alizimia kwenye foleni yangu Jumatatu ya wiki ile ile, alikuwa anatazama mawingu. Hadharani akarudia swali polepole, akidhani hawakusikia.

Kule nyuma mwanamume mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tunashiba mpaka tukilala tunaota tunakula." Watu wakacheka, wakapumua. Debe tupu lile. Watoto wake wawili walikuwa wa kwanza kwenye foleni yangu kila siku ya Mungu.

Ndipo nikahisi mdogo wangu anajisogeza. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatoka mapajani. Haukuwa na haraka. Ulifika usawa wa kifua, vidole bado vimekunjwa, na nikaona watu wa benchi la pili wamegeuka wanamtazama yeye, na hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kushoto kwangu mkoba wa mkwe ulikuwa unalia kwa jinsi alivyoubana. Nikakumbuka vile viti vya kuazima. Nikakumbuka kuku. Nikamwona binti yangu anaambiwa na mawifi, kumbe kwenu mnalala njaa.

Nikaushika mkono wa mdogo wangu. Nikaushusha, nikaubana juu ya paja langu mwenyewe, huku natabasamu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini.

"Tulia," nikamwambia. "Usituaibishe."

Akatulia. Ndivyo alivyo, akiambiwa anatulia. Mikono iliyopanda siku ile ilikuwa saba: bibi watatu wanaolea wajukuu, na watu wanne ambao mtaa ulikuwa umeshawasema mpaka ukachoka. Wengine zaidi ya mia mbili wakathibitisha kwamba wameshiba. Kisha tukapanga foleni ya sahihi. Mdogo wangu akaweka yake kwenye safu ya hapana, kwa mwandiko wake mzuri. Hadharani alikuwa anatoka jasho. Aliniangalia, na mimi nikaondoka kwenda kuchochea kuni.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Mtu mwingine angeisoma ofisini, akafunga mlango, akalia. Hadharani aliwaita wazazi wote, akasimama pale pale, akaisoma kwa sauti. "Kwa kuzingatia maelezo ya wazazi wenyewe, imebainika kwamba jamii inayoizunguka shule yenu inajitosheleza kwa chakula. Kwa sababu hiyo shule yenu haitakuwemo katika orodha ya ruzuku. Tunawapongeza." Alipofika kwenye tunawapongeza, wanaume wa nyuma wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi, na wa mbele wakafuata kwa mazoea, kama tunavyofanya barua yoyote ya serikali ikisomwa. Makofi yalipokwisha ndipo mama wa pacha akauliza, "Kwa hiyo chakula?"

Mimi na Hadharani tulikwenda ofisi ya elimu. Chumba kilijaa mafaili yaliyofungwa kamba, yamepangwa mpaka yakaziba dirisha, na feni ilikuwa inazunguka bila upepo wowote. Yule kijana alitupokea vizuri, akatupatia viti. Akatoa karatasi yetu, akaigeuza tuione.

"Mwalimu, hizi sahihi si za wazazi wako?"

"Ni zao. Lakini hawakusema kweli. Waliona haya. Niliwauliza mbele za watu."

Kijana akaweka kalamu chini. "Uliwauliza hili swali mbele za watu?"

"Ili pasiwe na udanganyifu."

Kijana naye hakuwa mtu mbaya. Nimechoka na watu wema. Akatuambia kwamba shule ya ng'ambo ya barabara kuu, ile yenye ukuta na geti, imepita vizuri sana. Wazazi wao walijaza nyumbani, mlango umefungwa. Wapo wanaowaleta watoto kwa gari, na waliandika kwamba wanalala njaa.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye ninayewapakulia. Nitajie mtoto yeyote wa pale, nitakwambia mara ya mwisho kwao walipika lini. Andika, nikutajie."

"Mama yangu, mpishi hayumo kwenye fomu."

"Basi turudie."

"Mwakani," akasema. "Orodha imeshafungwa, pesa zimeshagawiwa."

Tulipofika shuleni Hadharani alitafuta gundi, akaibandika ile barua ukutani pamoja na risiti zake, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuishi. Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya kutosha, ya kwangu na ya kuazima. Lakini kila nilipofungua mdomo nilikuwa nausikia mkono wa mdogo wangu juu ya paja langu, na nikaufunga.

Vilivyobaki stoo tulivipika siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili niliosha sufuria, nikazilaza kifudifudi, nikakabidhi funguo. Wiki iliyofuata watoto walikuwa wanakwenda shule asubuhi na saa saba wanatawanyika. Mchana mwalimu anafundisha madawati. Baada ya wiki mbili hata asubuhi walipungua. Wengine ungewakuta sokoni wanabeba mizigo, wengine wanakaa tu vibarazani.

Chiriku aliendelea kwenda. Alirudi saa saba, akanywa maji, akakaa mlangoni na madaftari yake. Mimi sikuwa na kazi tena. Nilizunguka nyumba za watu nikiuliza kama wanahitaji mpishi, na kila nilipouliza niliambiwa kwa heshima kwamba siku hizi wanapika wenyewe. Binti yangu alileta alichopata saluni, mdogo wangu alileta cha kufua, tukala usiku mmoja na kuruka mwingine. Siku moja niligundua kwamba nyumba imekuwa kimya. Nikamuuliza Chiriku kama anaumwa. Akatikisa kichwa.

"Nikiongea nasikia njaa zaidi," akasema. "Nimejaribu. Nikinyamaza inapungua."

Jioni ile mdogo wangu akaniambia amekwenda kwa mama wa duka, wamezungumza, Jumapili watamfuata mtoto.

"Haendi," nikasema. "Mtoto wa pili darasani akaoshe vyombo vya watu? Haendi, labda mimi niwe nimekufa."

Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Basi mlishe, dada."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu. Nilimwomba anipe siku mbili, akanipa.

Kesho yake nikaenda kwa mkwe. Nilijikaza mpaka mlangoni, nikapiga hodi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: nitamwomba Chiriku awe anapita kwake mchana, ale na mjukuu wake, mpaka nipate kibarua. Aibu niliimeza tayari. Mtu mwenye magauni kama yale hawezi kukosa sahani ya ziada.

Alinikaribisha kwenye chumba kimoja. Cherehani ilikuwa katikati, na ukutani magauni yametundikwa, kila moja limepachikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. La bluu halikuwepo. Nikamweleza shida yangu yote, sikuficha kitu. Alinisikiliza, kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha.

"Mkwe wangu, sahani gani? Mimi na mjukuu wangu tumekunywa uji jana asubuhi."

"Mbona unavaa..."

"Nguo za wateja. Nashona, naivaa mara moja, nafua, napiga pasi, napeleka. Lile la mkutanoni nilimpelekea mwenyewe jioni yake, akanisifu limenyooka." Akaokota sindano sakafuni. "Wiki ile ya mkutano tulilala njaa siku tatu."

"Na hukuinua mkono."

"Nilikuwa nautazama wa mdogo wako," akasema. "Nilijiambia, ukivuka bega tu, na mimi naunyanyua wangu. Nilishaanza kuuachia mkoba. Halafu nikaona unaushusha."

Nikatazama sakafu, naye akaendelea.

"Nikasema, kumbe hawa wenzetu wanajiheshimu. Nikaogopa mtasema mwanangu anaposa huku kwao wanakufa njaa. Na nyuma yangu kulikuwa na mama wa pacha, alikuwa ananichungulia mimi."

"Niliushusha kwa ajili yako," nikamwambia. "Nilikuonea haya wewe."

"Najua. Na vile viti ulivyonikalisha, mkwe wangu, ni vya jirani yako. Vitambaa vyake nilishona mimi."

Tulikaa pale, mama wawili wazima, hakuna hata aliyecheka. Hakuwa na la kunipa, na mimi sikuwa na la kumpa. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi.

Jumapili saa tatu asubuhi pikipiki ilikuja, imetumwa na mama wa duka. Ilisimama mbele ya kibanda cha mboga, mahali ambapo foleni ya maji inapitia, na kila mtu alikuwepo: kinyozi ameketi nje anasubiri mteja, mama wa pacha na ndoo zake mbili, yule bwana wa kuota anakula, wawili kati ya wale bibi wanaolea wajukuu. Mdogo wangu alikuwa amebeba mfuko wa nguo. Alimfunga mtoto kamba za viatu, akasimama, akamfungua, akamfunga tena. Chiriku alikuwa amekunywa chai na mkate ambao sijui mama yake aliutoa wapi, kwa hiyo maneno yalikuwa yamerudi.

"Mama mkubwa, kwani sisi ni masikini?"

Aliuliza kwa sauti yake ya siku zote, ya kusikika mpaka mtaa wa pili. Mama yake akamwambia apande.

"Si nauliza tu. Mwalimu alituambia wazazi wote wamesema wanakula. Na mama aliweka sahihi, niliiona ukutani. Sasa kama tunakula, mbona naenda?"

Mwenye pikipiki akatazama pembeni. Mdogo wangu akanitazama mimi. Hakunilaumu, na hajanilaumu mpaka leo, ila siku ile alikuwa anangoja nijibu mimi.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Sisi ni masikini. Tunalala njaa."

Nilisema kwa nguvu. Nikarudia, kwa sauti niliyokuwa nikiitia watoto wa uwanja mzima waje kula, tunalala njaa, nikageuka huku na huku nione nani atashtuka, nani atanong'ona na mwenzake. Hakuna aliyeshtuka. Mwenye kibanda aliendelea kunyunyizia mboga zake maji, kinyozi akapangusa kiti, na wamama wa foleni wakasogeza ndoo zao mbele hatua moja.